Mashini ya Madirisha Kumi

Siku ile mliponiaga kwenye ukumbi, watatu kati yenu wa biro, ofisi yetu ya mahesabu, walinivuta pembeni wakaniomba niandike namna tulivyokuwa tukitafuta moduli kabla ya kompyuta kufika. Ukurasa mmoja utatosha, mama, walisema. Nimejaribu. Ukurasa mmoja ulitosha kueleza mashini, lakini mashini ile haikuwahi kutafuta moduli yoyote peke yake, kwa hiyo nimeendelea. Mwenye haraka asome hesabu, awaruke watu. Atakosa karibu kila kitu, ila hesabu ataipata.

Niliingia kazini wakati uhuru haujatimiza hata wiki mbili. Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Wazungu wengi walikuwa wamepakia magari wakakimbilia Rhodesia, na kwa redio tulikuwa tumeambiwa kwamba Katanga sasa ni nchi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa kaskazini ya Katanga, na tulikaa Kamalondo. Masista walikuwa wamenifundisha kupiga taipu, na nilikwenda kwenye kampuni ya umeme kuomba kazi hiyo. Mkuu wa biro, Mbelgiji aliyeitwa Monsieur Wouters, alinitazama vidole. Aliniambia taipu ana wapigaji watatu, lakini mabibi wawili waliokuwa wakiendesha mashini za hesabu wameondoka na waume zao, na vidole ni vidole.

Nilipewa kiti cha mmoja wao. Sweta yake ilikuwa bado imening'inia nyuma ya kiti. Ilikaa pale miezi miwili. Hakuna aliyethubutu kuiondoa, na mimi sikuthubutu kuegemea.

Mtu aliyepewa kunifundisha aliitwa Mukendi Anaclet. Alikuwa Mluba wa Kasai, mzaliwa wa Luluabourg, aliyefika Katanga na shule yake yote kichwani. Alikaa Katuba na mke na watoto wanne. Alivaa koti hata wakati wa joto la Oktoba na alichonga penseli kwa wembe, ncha ndefu kama sindano. Sisi sote tulimwita ba Mukendi. Siku ya kwanza aliniuliza maswali mawili.

"Unajua kufanya mara?"

"Ninajua."

"Unajua kunyamaza?"

"Ninajua."

"Basi, ikala," alisema, akinivutia kiti. "Ingine tutajifunza polepole."

Mashini yenyewe ilikuwa ya chuma, ya kijani, nzito kama mtoto wa miaka mitatu, na ilizungushwa kwa mkono. Uliweka namba kwa vitufe, ukazungusha mkono, na jibu likatokea juu kwenye safu ya madirisha madogo, kila dirisha tarakimu moja. Yetu ilikuwa na madirisha kumi. Ndani ilikuwa na kengele ndogo. Ba Mukendi aliniambia kwamba jibu likizidi madirisha, kengele inalia mara moja, na nisidhani ni kengele ya chai.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Umeme unaosafiri kwenye laini ndefu hauelezwi kwa namba moja. Unaelezwa kwa namba mbili zinazotembea pamoja kama mume na mke kwenda misa: sehemu halisi, na sehemu ambayo wataalamu waliiita ya kufikirika. Mtu wa kituo cha umeme hana haja na hizo mbili. Anataka kujua volti ngapi zimefika kwake. Hiyo ndiyo moduli, urefu wa namba. Ba Mukendi alinieleza kwa barabara za Kamalondo, kwa kuwa alijua natoka huko. Ukitembea hatua tisa kuelekea mashariki, kisha kumi na mbili kuelekea kaskazini, ndege angeruka hatua kumi na tano kufika hapo ulipo. Tisa mara yenyewe, kumi na mbili mara yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Nikasema Kamalondo hakuna anayeweza kukata hivyo, kuna nyumba za watu. Akasema ndiyo maana amemtaja ndege.

Mainjinia walituletea karatasi zenye safu mbili za namba, jozi thelathini, arobaini, wakati mwingine mia, na sisi tuliandika safu ya tatu. Nyinyi leo mnaiita safu ya namba changamano na mnaimaliza kabla hamjakohoa. Mimi jozi moja ilinichukua dakika nne, pamoja na kufungua kitabu cha vipeuo. Kuhusu hiyo sehemu ya kufikirika, haikunisumbua. Nje ya dirisha kulikuwa na bendera mpya, stempu mpya, na wizara ambazo bado zilikuwa zinatafuta viti vya kukalia. Nilikuwa nimezoea.

Kanuni moja tu aliirudia mpaka nikaichoka.

"Moduli haiwezi kuwa mufupi kupita upande wake. Hata siku moja. Ukiona vile, usiandike. Simama."

"Na kama mashini inasema vile?"

"Mashini haisemake kitu. Inazunguka."

Mwaka wa pili wa nchi hiyo, watu wa Kasai walianza kuambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao ilikuwa Katuba. Kwanza yalikuwa maneno, kisha mawe madirishani, kisha watu wakawa wanatolewa majumbani. Wengi wao walikimbilia kwenye uwanja nje ya mji, karibu na askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za bluu, wakajenga vibanda vya magunia na mabati. Asubuhi moja ba Mukendi alifika kazini na sanduku. Alilisukuma chini ya meza, akavua kofia, akafanya jozi kumi na nane bila kunyanyua kichwa. Alipomaliza karatasi aliipiga muhuri, akavuta sanduku.

"Mama na batoto beko ku kambi tangu jana," aliniambia, akigonga karatasi ile. "Mi nilikuya kumaliza feuille."

"Utarudi lini, ba Mukendi?"

"Kuko crayon mbili mu tiroir. Ile ya bluu inavunjikaka, usiikaze."

Akanionyesha droo yenye penseli zake, akatoka. Fomu ya watu waliokosa kazini ilikuwa na sababu tatu tu: ugonjwa, msiba, na likizo. Karani wa wafanyakazi alifikiri sana, kisha akaandika likizo.

Jumatatu iliyofuata Monsieur Wouters alinihamisha kwenye meza ya ba Mukendi, iliyokuwa karibu na dirisha. Nilisema meza yangu inanitosha. Alisema hakuwa ameuliza. Nikahamia, na kwa siku kadhaa nilizungusha mkono wa mashini nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa.

Sasa nifike kwenye kengele. Mapigano kati ya askari wa Katanga na wale wa kofia za bluu yalipoanza mjini, Monsieur Wouters alibadilika. Alikuwa mtu mtaratibu, lakini kila mlio ulimfanya ainue mabega. Kengele ya mashini ililia mara moja tu, mimi nikiwa nimebonyeza kitufe kibaya, naye akaruka mpaka wino ukamwagika. Alifungua mfuniko wa mashini kwa bisibisi yake mwenyewe, akaifunga kengele kwa kipande cha kitambaa cha sufu, akarudisha mfuniko. Alisema kelele za nje zinamtosha. Nilimwelewa. Mimi pia zilinitosha.

Katika wiki hizo viwanda vya kuyeyushia shaba vilisimama, na migodi mingine ikapunguza kazi. Wasomaji wangu mnajua maana yake, lakini nitaandika kwa ajili ya wake zenu na waume zenu. Laini ndefu ya umeme haifanani na mtu. Mtu ukimpunguzia mzigo anashusha pumzi. Laini ukiipunguzia mzigo, volti za kule mwisho zinapanda. Laini yetu ndefu kuliko zote ilipaswa kuwa na volti kama elfu tisini. Mwisho wake kulikuwa na kituo kidogo kilicholisha vitu viwili ambavyo havikuweza kusimama: pampu za kutoa maji mgodini, na hospitali. Pale walikaa watu watatu na simu moja.

Monsieur Wouters alinipa karatasi ya jozi arobaini, hali ya laini nzima baada ya viwanda kusimama. Ilikuwa asubuhi. Nilikwenda vizuri mpaka jozi ya thelathini na saba, ambayo ndiyo ilikuwa ya kituo kile cha mwisho. Upande wa kwanza, 96 000. Upande wa pili, 31 000. Nilizungusha, nikajumlisha, nikafungua kitabu cha vipeuo. Nikapata 13 304.

Nilisimama. Namaanisha nilisimama kabisa, kwa miguu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Kisha nikakaa nikarudia. 13 304. Nikafuta madirisha yote, nikapumua, nikarudia mara ya tatu. Mashini ilikuwa na msimamo.

Nikaipeleka karatasi kwa Monsieur Wouters nikamwambia jozi moja si sahihi, moduli imekuwa fupi kuliko upande wake. Alikuwa na simu sikioni. Akatazama ile namba ya mwisho tu.

"Elfu kumi na tatu," alisema kwa Kifaransa. "Laini inalegea kule mwisho. Nilihofia hivyo. Saa nane nitawapigia wapandishe."

"Lakini haiwezekani, monsieur. Tazama upande wa kwanza."

"Umerudia?"

"Mara tatu."

"Na mara zote ni hiyo?"

"Mara zote."

"Mashini hii imetoka Ulaya, mademoiselle. Wewe umetoka Kamalondo."

Yote mawili yalikuwa kweli. Ila nilijua jambo moja. Ikiwa kule mwisho volti zimeshuka, kupandisha ni dawa. Ikiwa zimepanda, kupandisha ni kupasua transfoma, na watu watatu wamekaa hatua kumi kutoka kwake. Sikujua ipi ni kweli, maana huenda pande zenyewe zilinakiliwa vibaya. Nilijua tu kwamba 13 304 ni uongo, na kwamba mtu pekee ambaye angenieleza uongo huo ulitoka wapi alikuwa likizo.

Ilikuwa saa sita, saa ya kwenda kula. Nikanakili karatasi, nikachukua baiskeli ya biro, nikaenda kambini.

Baba alikuwa amenikataza kupita upande ule. Jina letu, Ngoie, lilikuwa jina la kaskazini, ambako watu wengi waliipinga serikali mpya. Siku zingine lilifaa, siku zingine halikufaa, na hakuna aliyetangaza mapema leo ni siku gani. Aliyeonekana akiingia kambini aliandikwa kichwani mwa watu. Nilikanyaga baiskeli nikitazama mbele. Langoni kulikuwa na askari mrefu wa kofia ya bluu ambaye hakujua lugha hata moja ninayoijua. Nilimwonyesha karatasi yenye namba. Alizisoma zote, kutoka juu mpaka chini, kwa heshima, akanifungulia.

Ndani ulikuwa mji mwingine. Moshi, watoto, matope, na njia ambazo watu walikuwa wamezipa majina ya barabara walizotoka. Hiyo iliniokoa. Niliuliza watu wa Katuba wako wapi, kisha watu wa barabara yake, kisha nikauliza ba Mukendi wa calcul, wa mahesabu. Bibi mmoja alininyooshea kidole bila kuacha kusonga bukari, ugali wa kwetu. Nilimkuta anapasua kuni, amevaa koti lake la biro.

Nilikuwa nimepanga kumwamkia vizuri, kuuliza mke, kuuliza watoto. Nikasikia mdomo wangu unasema:

"Ba Mukendi, moduli iko mufupi kupita upande."

Akaweka shoka chini.

"Ngapi na ngapi?"

Nikamtajia.

"Na mashini ilitoa ngapi?"

"Elfu kumi na tatu, mia tatu na ine. Mara tatu, sawasawa."

"Kengele ililia?"

"Haiwezi kulia. Monsieur alitia kitambaa."

Akafuta mikono kwenye suruali, akachukua karatasi, akaketi juu ya gogo.

"Madirisha iko ngapi, Filo?"

"Kumi."

"Elfu makumi kenda na sita, mara yenyewe. Inatoka bilioni kenda na kitu. Madirisha kumi, inaingia. Tia ile ingine. Inakuwa bilioni kumi na kitu. Ile iko na tarakimu ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole, na vidole vyenyewe vikaisha. "Kumi na moja."

"Njo vile. Ile moja ya mbele ilianguka inje. Mashini haina dirisha ya kuiweka, na mwenye kusema iko na kitambaa mu kinywa. Weye ulitafuta kipeuo ya mabaki."

Nilijisikia mjinga, kisha nikajisikia mwepesi, kwa mfuatano huo.

"Sasa sikiliza muzuri," alisema. "Namba mikubwa, usizipige mara yenyewe. Kamata ile mukubwa, uitie pembeni. Ile mudogo, uigawanye na mukubwa. Inatoka kitu chini ya moja. Kitu chini ya moja, hata uipige mara yenyewe, haiwezi kukujazia madirisha. Tia moja. Tafuta kipeuo. Ukimaliza, rudisha mukubwa mu nafasi yake, upige mara. Basi."

Akafanya mbele yangu, kwa penseli, juu ya goti. Thelathini na moja gawanya kwa tisini na sita, sifuri nukta tatu na kitu. Mara yenyewe. Ongeza moja. Kipeuo alikitoa kichwani, kwa tarakimu nne nyuma ya nukta, akiangalia moshi. Akapata 100 877. Baadaye mashini ilinipa 100 881. Nilipomweleza wiki iliyofuata kwamba alikosea kwa volti nne, alikosa furaha mchana mzima.

"Elfu mia moja," nilisema. "Ilipaswa kuwa elfu makumi kenda."

"Iko juu, haiko chini. Na Wouters anataka kufanya nini?"

"Kupandisha. Saa nane."

"Sasa iko saa ngapi?"

Mke wake, aliyekuwa akisikiliza na mtoto mgongoni, akajibu kabla yetu kwamba saa saba imepita kitambo.

"Basi kwenda," alisema ba Mukendi. Na aliporudi kwenye kuni akaongeza, "Ukianguka na baiskeli, anguka na karatasi juu."

Sikuanguka. Nilisimamishwa. Njiani kurudi mjini kulikuwa na kizuizi cha mapipa mawili na ubao, na wanaume watano ambao hawakuwa askari lakini walikuwa na mapanga. Mkubwa wao alivaa miwani myeusi. Alitaka kujua nilikwenda kufanya nini kwa watu wale. Nikasema nilikwenda kuuliza kipeuo cha pili. Mtu angecheka pale ningefurahi, lakini hakuna aliyecheka. Mmoja akachukua karatasi, akageuza, akaona namba mbele na namba nyuma.

"Hii njo siri ya mazungu ya kofia ya bluu," alisema. "Iko code."

"Iko calcul," nikasema. "Ya courant. Ya laini ya umeme."

"Calcul ya nini inaandikiwa mu kambi?"

Nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa sababu mbele ya mapanga mtu hawezi kueleza sehemu ya kufikirika. Yule wa miwani alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua miwani, na nikaona ni mtu mzima, wa umri wa baba yangu, mwenye macho ya kuchoka.

"Unasema ni pande mbili, na unatafuta ile ya katikati."

"Ndiyo, baba."

"Tatu na ine."

"Tano."

"Tano na kumi na mbili."

"Kumi na tatu."

Alifikiri kidogo. Nadhani hakuwa na ya tatu.

"Muachie apite," alisema. "Na usirudie njia hii."

Nilifika biro saa nane na dakika kumi. Monsieur Wouters alikuwa ameshapiga simu. Alikuwa amekaa na kikombe cha kahawa, ametulia kwa mara ya kwanza wiki ile. Niliweka karatasi mbele yake yenye mwandiko wa Mukendi, mwandiko ambao aliufahamu vizuri, na nikasema: mashini ilijaa, kengele ina kitambaa, volti ni laki moja na zaidi, si elfu kumi na tatu.

Hakunijibu. Alichukua rula yake ya kuhesabia, ile ya kutelezesha ambayo kila injinia aliichomeka mfukoni kama msalaba, akaisukuma mara mbili. Haikuchukua nusu dakika. Angeweza kufanya hivyo asubuhi. Kisha akashika simu.

Kule kituoni simu iliita muda mrefu. Hatimaye mtu akapokea, na kwa kuwa Monsieur Wouters alikuwa anapiga kelele, sauti ya kule nayo ilipanda, nikasikia yote. Ndiyo, agizo la kupandisha amelipokea. Amelinakili kwenye daftari. Bado hajalitekeleza. Alikuwa anamalizia bukari, na wenzake wawili pia, maana walianza kula kabla ya simu ya kwanza na chakula kikipoa hakiliki.

Monsieur Wouters akamwambia ashushe, si kupandisha. Akamfanya alisome tena agizo hilo mara mbili. Akaweka simu, akakaa akitazama ukuta. Mpaka leo siwezi kumvumilia mkuu wa kazi anayelalamikia watu wanaokula taratibu.

"Mukendi yuko wapi?" aliniuliza baadaye.

"Kambini, monsieur."

"Najua yuko kambini. Nauliza kambini wapi."

Nikamchorea njia, kwa majina ya barabara za Katuba. Kesho yake asubuhi nilikuta mfuniko wa mashini umefunguliwa na kitambaa kimetolewa. Hakulitaja jambo hilo, na mimi nilijua kunyamaza. Nilisikia kutoka kwa dereva kwamba alikwenda kwenye ofisi moja ya serikali kuomba karatasi ya kumrudisha Mukendi kazini kwa usalama, na kwamba alingoja kwenye benchi tangu asubuhi hadi wakafunga. Aliporudi alivunja kikombe. Hakwenda tena. Hilo nalihesabu pande zote mbili: alikwenda, na hakwenda tena.

Alichofanya ni kunisainia ruhusa. Kila Alhamisi, kwa miezi, nilikwenda kambini na karatasi za wiki, kwa njia nyingine iliyozunguka mbali. Sababu ya safari aliandika "uhakiki". Ba Mukendi alikagua jozi zangu akiwa juu ya gogo lile lile, na alinifundisha mengine: namna ya kujua kosa kwa kuangalia tarakimu ya mwisho, namna ya kutoamini jibu zuri kupita kiasi. Wakati mwingine mke wake alinifanya nile kwanza. Kambi ilizidi kujaa, miti ya kandokando iliisha kwa kuni, na mtoto wao wa tatu aliugua kuhara wiki mbili akapona. Hatukuzungumza kuhusu nchi. Tulizungumza kuhusu namba, na katikati yake tukaambiana kila kitu.

Halafu treni zikaanza kuwapeleka watu wa kambi Kasai. Jina la ba Mukendi lilitokea kwenye orodha siku ya Jumanne, kwa hiyo nilipofika Alhamisi nilikuta mtu mwingine amekaa kwenye kibanda. Karatasi ya wiki ile niliikagua mwenyewe, nimekaa juu ya gogo, kisha nikarudi kazini. Jioni nililia nyumbani. Baba hakuuliza. Alikuwa ameona treni zikipita. Yeye ndiye aliyekuwa zamu kwenye njia ya kubadilishia reli.

Katanga ilipokoma kuwa nchi, bendera ikabadilishwa tena, na mji ukaja kupewa jina la Lubumbashi. Monsieur Wouters alirudi kwao. Mashini ilibaki, na mimi nikabaki nayo, nikafundisha watu kumi na mmoja kuizungusha. Wawili kati yao wamekuwa wakubwa zenu. Sitawataja, maana walikuwa wazito wa kujifunza.

Kompyuta ilifika kwenye makabati sita na ilihitaji chumba chenye baridi kuliko mochari. Ilikuja na injinia kijana aliyeitwa Kasongo, aliyesoma chuo kikuu, mpole, mwenye haraka. Aliandika programu ya kutafuta moduli ya safu nzima: piga kila upande mara yenyewe, jumlisha, toa kipeuo, nenda jozi inayofuata. Mistari michache, kadi chache za matundu. Ilimaliza jozi mia nne nikiwa bado natafuta miwani yangu. Siku moja alitaka kuhesabu mtandao wenye laini zilizokatika. Kwa kila laini iliyokatika aliweka kizuizi kikubwa sana, moja yenye sifuri ishirini, kwa maana ya kwamba umeme haupiti. Mashini ikatoa karatasi iliyojaa nyota.

Alikaa siku mbili akitafuta kadi iliyopinda. Siku ya tatu nikamwambia apige moja yenye sifuri ishirini mara yenyewe, kisha asome kwenye kitabu mashini inaishia sifuri ngapi. Akasoma.

"Sasa tunafanya nini, mama Filo?"

Nikamwambia: kamata kubwa, iweke pembeni. Aliandika upya, na nyota zikaondoka. Aliniuliza nimesoma wapi mbinu hiyo. Nikamwambia Katuba, kwa maana fulani. Wiki iliyofuata aligundua kwamba lugha ile ilikuwa tayari na neno moja la herufi nne linalofanya kazi hiyo yote, pamoja na kuweka kubwa pembeni. Hatukuwa tumefika ukurasa huo. Usomeni ukurasa huo kabla ya kuwa mahodari.

Miaka iliyofuata mnaijua, mlikuwepo, na mlilalamika mbele yangu. Nitaongeza safari moja tu. Kampuni ilinituma Kasai pamoja na Kasongo kukagua mahesabu ya kituo kidogo cha maji. Siku moja tuliyopewa kupumzika niliuliza watu, na haikuwa vigumu: mwalimu Mukendi, hesabu, kwenye shule ya misheni. Nilimkuta uani, ameshika rula ya mbao. Nywele zilikuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijasema jina.

Safari hii niliuliza kwanza mke na watoto. Wote walikuwa wazima. Yule wa tatu alikuwa muuguzi. Kisha nikamweleza kile nilichokuwa nimekibeba miaka yote: kwamba nilikaa kwenye kiti chake, na kwamba siku ile ya 13 304 aliokoa watu watatu, pampu na hospitali, na hakuna aliyemwandikia hata barua.

"Elfu kumi na tatu ya nini?" aliuliza.

Nikamkumbusha jozi. Akatikisa kichwa.

"Namba, sikumbuke. Nakumbuka ulikuya na baiskeli, uko na jasho." Alifikiri. "Kule kambi, Filo, kila muntu alikuwa anakuya kuuliza weye ni kabila gani. Muko bangapi mu nyumba. Mutaenda lini. Weye ulikuya, hata kusema mbote hapana, ukauliza moduli. Mama alicheka ile siku. Alikuwa hajacheke tangu tuingie."

Wanafunzi walikuwa wameshaanza kuingia darasani, na yeye hakuwa mtu wa kuchelewesha somo kwa sababu ya mgeni. Akanionyesha benchi la nyuma. Nikakaa, magoti yamebanwa na dawati, katikati ya wasichana wawili wa miaka kumi na miwili. Somo lilikuwa kugawanya sehemu kwa sehemu. Aliandika swali ubaoni, akageuka, akangoja. Darasa zima lilitazama chini. Baada ya muda nikanyoosha mkono. Aliniona vizuri, akapitisha macho juu yangu, akamchagua mwingine.